Musikate utepe kama maji haitoki

Sisi vijana wa Fizi na Baraka tumeshazoea sherehe za kufungua majengo. Kwanza wanafagia barabara. Halafu vinakuja viti vya plastiki, hema, spika za muziki, wamama na vitenge vya aina moja, wazee wa mila mstari wa mbele. Mkubwa anasoma hotuba, anakata utepe, anapigwa picha mlangoni. Rangi bado inanuka na mabati yanang'aa mpaka macho yanauma. Watu wanapiga makofi, na sisi tunapiga, kwa sababu jengo jipya kwetu ni jambo kubwa kweli na hatuko hapa kulidharau.

Lakini kuna tabia moja tumeianza ambayo wakubwa hawaipendi. Wakati wao wanaingia kula, sisi tunazunguka nyuma ya jengo na kufungua robine.

Mara nyingi inatoka hewa. Siku nyingine zinatoka lita chache zilizobebwa asubuhi kwa bidoni ili sherehe ipite vizuri. Baada ya hapo ni kimya.

Basi tunachosema ni hiki. Jengo la afya ama la shule lisipokelewe, karatasi isisainiwe, pesa ya mwisho isilipwe, mpaka ile sehemu ya jengo ambayo haionekani kwenye picha iwashwe na kujaribiwa mbele ya raia. Tunaongelea matiyo ya maji safi na ya maji machafu, tenki, pampu, fosi septiki, njia za hewa, friji ya chanjo, jenereta. Wajenzi wanaihesabu kama kazi ya kumalizia. Sisi tunasema ndiyo jengo lenyewe, na kuta ni za kuihifadhi isinyeshewe.

Wengi wetu ni mashomeri wenye diploma, tuseme wazi kabla mtu hajatusemea. Kati yetu kuna waliosoma ujenzi, hidroliki, elektromekanika, hata uongozi wa miradi. Wengine ni mafundi waliojifunza kwa mikono kule Kigoma na Kalemie, na hao ndio wanatufundisha yale ambayo maprofesa waliruka.

Mtu atatuuliza: vita iko, njaa iko, nyinyi munaongea habari ya robine? Twende Uvira kwanza, kama kilomita 90 tu kutoka Baraka.

Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na Wakongomani wenzao, walitoa utafiti juu ya Uvira. Walilinganisha daftari mbili. Moja ilionyesha maji ambayo kiwanda cha REGIDESO kilitoa kila siku. Ya pili ilionyesha watu waliolazwa na dalili za kolera, kuanzia 2009 mpaka 2014. Walikuta kwamba siku moja bila maji iliongeza wagonjwa kwa 155% ndani ya siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo kiwanda kilifanya kazi vizuri. Na 23,2% ya wagonjwa wote, karibu mmoja kati ya wanne, walitokana na maji kukatika.

Soma tena pole pole. Kolera haikuhama ziwani ikarudi. Ziwa lilikuwa lile lile, watu wale wale. Kilichosimama ni mashine, na mashine iliposimama watu walirudi ziwani na mtoni na bidoni zao. Ugonjwa tunaouita wa uchafu, tena kwa dharau, kana kwamba mama wa Kalundu hapendi kunawa mikono, kwa sehemu ni ugonjwa wa pampu isiyo na umeme na ya mtu asiyelipwa kuitunza.

Na Uvira angalau ilikuwa na kiwanda, na daftari ya kuandika. Baraka ilipewa hadhi ya mji kwa dekre ya 2013, lakini laini ya SNEL haijatufikia. Mashine yoyote ya maji inayofungwa kwetu inaishi kwa jua, kwa mazuti ama kwa mseleleko wa mlima. Watu wameongezeka: ndugu kutoka Burundi wako Lusenda tangu 2015, wengine Mulongwe, na wanaokimbia vita ndani ya nchi yetu hawajaacha kushuka kutoka milimani. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumba za watu, vyoo vikaogelea. Kwa mji wa namna hiyo, kufungua kituo cha afya kisicho na maji ni kuwakusanya wagonjwa mahali pamoja ili waambukizane vizuri zaidi.

Tuhesabu pamoja, hesabu haiulizi diploma. Shirika la Afya Duniani, hapa tunaliita OMS, limeweka viwango: lita 5 kwa kila mgonjwa anayetibiwa na kurudi nyumbani, lita 40 mpaka 60 kwa siku kwa aliyelazwa, lita 100 kwa kila mama anayejifungua ama mtu anayepasuliwa, lita 60 kwa siku kwa mgonjwa wa kolera. Chukua kituo chenye vitanda 12, wagonjwa 60 wa kuja na kurudi, wamama 2 wanaojifungua kwa siku. Vitanda, kwa lita 50 kila kimoja, ni 600. Wa kuja na kurudi ni 300. Wamama ni 200. Umefika lita 1 100 kwa siku ya kawaida. Ikiingia kolera na wagonjwa 20, ongeza 1 200, unakuwa na 2 300. Pampu ikilala siku tatu, unahitaji karibu lita 7 000 ndani ya tenki.

Sasa nenda uangalie tenki iliyosimama nyuma ya kituo cha kwenu. Mara nyingi ni ile nyeusi ya lita 1 000. Tuliuliza mahali fulani nani aliamua lita 1 000, na jibu tulilopata ni kwamba ndiyo tenki iliyokuwa sokoni siku ile.

Shida inaanzia kwenye karatasi, kabla jiwe la msingi halijawekwa. Ukipata bahati ya kuona devi ya jengo (inataka bahati kweli, utafikiri ni siri ya jeshi), utaona kuta zimehesabiwa vizuri: mifuko ya saruji, mita za mraba za makaro, idadi ya mabati, misumari kwa kilo. Ukifika kwenye maji unakuta mstari mmoja, "plomberi, jumla", na bei. Urefu wa tiyo hauko, upana hauko, aina haiko, idadi ya koki haiko, wala presha ambayo tiyo linapaswa kuvumilia. Mstari wa namna hiyo ni mlango uliosahaulika wazi. Saruji ikipanda bei, lori likikwama, kizuizi cha barabarani kikidai chake, kampuni itachota wapi hasara yake? Haiwezi kuchota kwenye mabati, kila mpita njia anayaona. Inachota kwenye ule mstari.

Halafu kazi inauzwa. Kampuni iliyopata soko la kujenga inampa mwingine, huyo anampa wa tatu, wa tatu anamtafuta fundi. Kila mmoja amekata kidogo. Fundi anabaki na pesa ya tiyo jembamba na gundi, na siku mbili za kumaliza kwa sababu wageni wanakuja Jumamosi. Hatumlaumu yeye. Haraka haraka haina baraka, na sisi tunaoishi kwenye mji wenye jina hilo tungepaswa kulijua kuliko wote.

Fundi bomba anaitwa mwisho, rangi ikishapakwa. Kila mtu aliyefanya kibarua ku shantie amemwona: anapasua sakafu ya beto iliyomwagwa mwezi uliopita, anatoboa mkanda wa beto unaoshika kuta, anapitisha maji machafu pale panapopitika. Lakini maji machafu hayana injini, yanataka mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Kama choo kiko mita 20 kutoka fosi septiki, tiyo lazima lishuke sentimita 20 mpaka 40. Kimo hicho kinapatikana kabla ya msingi. Baada ya msingi hukipati, utalaza tiyo sawa na meza na baada ya miezi michache choo kitafungwa na mtu ataandika juu ya mlango kwa makaa "hakifanyi kazi". Na dawa yake ilikuwa ndogo: mtu mmoja akae na mwashi na fundi bomba siku moja kabla ya kumwaga beto, waonyeshane tiyo linapita wapi, waache kipande cha tiyo kikubwa ndani ya ukuta kama njia. Dakika kumi. Kuongoza kazi hii, zaidi ya nusu yake, ni kuhakikisha dakika kumi za namna hiyo hazirukwi.

Tenki nayo ina hesabu yake. Mita 10 za kimo zinatoa bar 1 ya presha. Tenki iliyokaa kwenye nguzo za mita 3 inatoa bar 0,3, na ukitoa kinachopotea njiani kwenye tiyo jembamba lenye kona nyingi, robine ya chumba cha mwisho itadondosha kama pua ya mtoto. Ukitaka kuipandisha juu zaidi, kumbuka kwamba lita 5 000 ni tani 5. Nguzo za kubeba tani 5 zinachorwa mapema na mtu anayejua, pamoja na udongo unaozishika, hasa huku kwetu ambako mchanga wa kando ya ziwa unatembea.

Tunajua materniti moja, hatutaitaja, wala kijiji chake. Kwa nje ni nzuri. Ina beseni sita za kunawia, nyeupe, za kupendeza. Mbili kati yake hazina tiyo chini. Zimefungwa ukutani na skrubu kama mapambo. Maji machafu ya zile nne yanaishia nje, chini ya dirisha la chumba cha kujifungulia, na bata wamepahamia. Pampu ya sola ilifanya kazi wiki tano. Wakati wa kiangazi kisima kilishuka, pampu ikazunguka bila maji, ikaungua, kwa sababu hakikufungwa kile kifaa kinachoizima pampu inapokosa maji. Kifaa chenyewe kinaingia mfukoni. Leo mwanamke anayekwenda kuzaa pale anaambiwa aje na ndugu mwenye bidoni mbili. Hiyo materniti kwenye ripoti ya mtu fulani, mahali fulani, imeandikwa "imekamilika 100%".

Kuhusu hewa tuseme kidogo tu. Baraka iko kando ya ziwa, kwenye kimo cha karibu mita 770, na joto lake munalijua. Wodi yenye madirisha upande mmoja, yenye dari iliyofungwa na mabati juu, saa nane mchana ni tanuru. Mgonjwa wa kifua kikuu analala humo na wengine. Kuweka madirisha pande mbili zinazotazamana na matundu chini ya paa hakutaki mota wala mazuti, kunataka mchoraji aliyewahi kushinda Baraka mwezi wa tisa. Ila mchoro mara nyingi umetoka mbali na umepigwa kopi, ule ule wa Bukavu kwenye baridi na wa huku kwetu.

Friji ya chanjo inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, usiku na mchana. Ikitoka hapo, chanjo inaweza kuharibika na si rahisi kujua kwa kuiangalia dawa yenyewe. Tunamchanja mtoto maji, tunamwambia mama yake aende kwa amani.

Serikali yenyewe ilizindua mradi wa maendeleo ya maeneo 145, ule wa 145T, ikaugawa kwa wasimamizi watatu: PNUD, BCECO na CFEF. Shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, barabara. Fizi ni moja ya hizo 145, na wazo la kujenga vijijini badala ya Kinshasa peke yake tuliliunga mkono, bado tunaliunga. Tunachouliza ni namna kazi inavyopimwa. Mradi unaofuatiliwa kwa picha za simu utajenga kile kinachokaa vizuri kwenye picha. Mashirika ya misaada nayo tusiyasahau, hapa Fizi yamejenga mengi. Lakini shirika huondoka. MSF ilikuwa Baraka kwa miaka mingi, na mwaka 2020 ikatangaza kuondoka Fizi baada ya watumishi wake kushambuliwa tena na tena. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuogopa risasi. Ila kila anayefunga pampu katika nchi kama hii, serikali ama mgeni, anapaswa kuifunga akijua kwamba siku moja hatakuwepo, na kwamba atakayebaki na ufunguo ni muuguzi na kamati ya kijiji.

Hapo kuna jambo ambalo wenye ofisi hawalioni na sisi tunaliona kila siku sokoni: vipuri. Vitu vyetu vingi vinapita Dar es Salaam, vinapanda reli mpaka Kigoma, vinavuka ziwa kwa boti. Vingine vinapita Bujumbura na Uvira, vinateremka na ile barabara ya taifa namba 5 ambayo mvua ikinyesha inageuka mto. Kwa hiyo pampu haiagizwi siku ya kuezeka. Inaagizwa msingi unapochimbwa. Na inachaguliwa ile ambayo fundi wa Kigoma ama wa Uvira anaijua na vipuri vyake vinauzwa huko. Tumeona pampu za bei kali zimelala kwa kukosa raba moja ya mviringo, kwa sababu aina hiyo inapatikana Ulaya tu na karatasi zake zimeandikwa lugha ambayo hakuna anayeisoma Mukera wala Sebele. Vituo vitano vikifungiwa aina moja ya pampu, kimoja kikifa unaazima kwa jirani. Kila mfadhili akija na aina yake, una makaburi matano.

Tunajua majibu tutakayopewa. Usalama. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, kila swali juu ya pesa ya umma linajibiwa kwa neno vita. Vita tunaijua, imetuzika ndugu. Lakini makaro yalifika na vita ikiwepo. Beseni nyeupe zilifika. Barabara iliyopitisha dari ya plastiki ingepitisha na koki. Wengine watasema pesa haitoshi, na hapo tunakubali nusu: kama haitoshi kujenga vyumba kumi na maji, jengeni sita vyenye maji. Wagonjwa watabanana kidogo, watapona zaidi.

Na jibu la mwisho, lile la kutunyamazisha: nyinyi vijana munatafuta kazi. Ndiyo, tunatafuta kazi! Tulisoma kwa mihogo na samaki za wazazi wetu, tulitegemea nini? Kila kituo kinahitaji mtu wa kusafisha tenki, kufungua na kufunga koki, kuandika saa za jenereta, kupima klorini, kuita fundi kabla ya kuharibika. Mtu huyo hayuko kwenye karatasi ya mishahara ya kituo chochote tulichotembelea. Kuna pesa ya jengo, hakuna pesa ya mtu wa kuliweka hai, halafu baada ya miaka mitatu inatafutwa pesa ya "kukarabati" jengo ambalo halijazeeka.

Sheria iko. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 imezipa majimbo na serikali za mitaa, mji wa Baraka na sekta za Fizi zikiwemo, sehemu yao katika kuendesha huduma ya maji. Kwa hiyo Bwana Meya, wakuu wa sekta za Tanganika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, musituambie tena kwamba mambo haya ni ya Kinshasa. Karatasi ya mapokezi inasainiwa hapa hapa, juu ya meza zenu, na mara nyingi na kalamu zenu.

Ujenzi una mapokezi mawili, kila aliyesoma anajua. Kuna ya muda, kazi inapoisha, na ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja baadaye. Katikati kuna sehemu ya pesa inayoshikiliwa, kwa kawaida asilimia 5 mpaka 10, ili kampuni irudi kurekebisha kilichoharibika. Huo ndio ufunguo, na umeachwa ukutani unashika kutu. Tunataka siku ya mapokezi ya muda iwe siku ya kujaribu, nayo itangulie siku ya utepe. Matiyo yajazwe maji, yasukumwe na pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha yake ya kazi, na manometa itazamwe saa nzima: mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na ukuta upasuliwe siku hiyo hiyo. Matiyo na tenki yasafishwe kwa klorini, kisha kwenye robine ya mwisho ipimwe iliyobaki, ambayo inatakiwa kuwa kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa lita. Robine zote zifunguliwe kwa wakati mmoja. Maji ya ndoo yamwagwe kwenye kila choo na mtu asimame nje kuangalia yanafika fosi septiki. Jenereta iwashwe na vitu vyote vimeunganishwa, friji ikiwemo, na isizimwe baada ya dakika tano za kupiga picha.

Kampuni ikabidhi michoro ya matiyo jinsi yalivyolazwa kweli, siyo jinsi yalivyochorwa Kinshasa, maana kesho mtu atachimba shimo la nguzo na kukata tiyo ambalo hakulijua. Ikabidhi sanduku la vipuri. Imfundishe mtu wa hapa, kwa Kiswahili, na mtu huyo asaini kwamba ameelewa. Na kwenye devi zijazo, maji, hewa na mashine viwe na kurasa zake, vipande kwa vipande, na bei zake. Ikiwezekana viwe soko lao wenyewe, ili aliyeshinda kwa kujenga kuta asile sehemu ya pampu.

Ku upande wetu hatukai kungoja. Tumeshachangishana manometa moja na vipima klorini. Wenzetu wawili wanapita vituo vya kando ya ziwa na daftari: tenki lita ngapi, pampu ya aina gani, ilikufa lini, nani ana ufunguo. Majina ya wauguzi hatuandiki, ili asiadhibiwe mtu kwa kutufungulia mlango. Daftari hiyo itasomwa mbele ya raia na nakala itafika kwa Meya na kwa mkuu wa territwari.

Wewe unayesoma, kama unaona shantie imeanza kwenu, kutoka Mboko mpaka Misisi, ulizia mambo matatu kwa heshima: tenki itakuwa ya lita ngapi, maji machafu yatakwenda wapi, na fundi bomba yuko wapi leo. Wakikuambia fundi bomba atakuja mwishoni, tutumie habari siku hiyo hiyo. Tukifika kabla beto haijamwagwa, bado kuna nafasi ya kupitisha tiyo.